Naomba ushauri: kufundisha magonjwa ya mlipuko kwa njia ya simu, wakati uvumi unafika kabla ya somo

Mwalimu wa Kigoma:
Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Ninafundisha Maarifa ya Jamii darasa la sita, na kwa sasa wanafunzi wangu wanasoma wakiwa nyumbani kupitia simu za wazazi, kwa sababu njia ya kufika shuleni imekatwa na maji. Mada yetu ni jinsi magonjwa ya mlipuko yanavyosambaa. Simu zinazopeleka somo ndizo zinazopeleka uvumi: kabla sijatuma ramani, mtoto ameshasikia sauti isiyo na jina ikidai kwamba dawa ya kutibu maji ndiyo inayoleta kipindupindu. Je, niutaje uvumi huo ili niukanushe, au kwa kuutaja nitausambaza zaidi?

Mkazi wa Ujiji:
Mwalimu, anza na Kagunga, kwa kuwa iko mkoani kwenu. Mwezi Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijaa katika kijiji hicho kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Maji safi na vyoo havikutosha, na kipindupindu kikazuka. Njia kuu ya kutoka ilikuwa ziwani, ndiyo maana meli ya MV Liemba ilitumika kuwapeleka Kigoma mjini. Watoto wachore wenyewe kwenye daftari milima, kijiji, ziwa na njia ya meli, kisha waonyeshe kwa mishale jinsi uchafu unavyoyafikia maji ya kunywa.

Mstaafu wa Jiografia:
Ongeza kisa cha Soho, London, mwaka 1854, daktari John Snow alipoonyesha kwamba vifo vya kipindupindu vilizunguka pampu ya Broad Street. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa jirani na pampu walinusurika, kwa kuwa walikunywa bia na walikuwa na kisima chao, ilhali mjane aliyeishi mbali, Hampstead, alifariki kwa sababu alikuwa akiletewa maji ya pampu hiyo. Waulize watoto kama hewa chafu, iliyolaumiwa wakati huo, ingeweza kuwachagua watu namna hiyo. Ila usiwaambie kwamba kuondolewa kwa mpini wa pampu, ili watu wasichote maji yake, ndiko kulikokomesha ugonjwa, kwani vifo vilikuwa vimeshaanza kupungua na watu wengi walikuwa wamehama. Somo la kupambana na uvumi halipaswi kusimama juu ya hadithi iliyotiwa chumvi.

Mama wa Butembo:
Wakati wa Ebola iliyotangazwa kwetu Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo (DRC), Agosti 2018, uchaguzi wa Desemba uliahirishwa Beni na Butembo, na wengi wetu wakaamini kwamba ugonjwa umebuniwa ili tunyimwe kura. Walioamini hawakuwa wajinga. Uchungu wao ulikuwa na sababu. Kwa hiyo, mwalimu, usimfundishe mtoto kumdharau bibi yake. Tanguliza ukweli, utaje uvumi mara moja kwa maneno yako, eleza kwa nini unaaminika, kisha urudi kwenye ukweli. Sauti yenyewe usiitume tena, maana ikitoka kwa mwalimu itaonekana imethibitishwa.

Mwalimu wa Kigoma:
Nawashukuru sana. Sasa naelewa kwa nini uvumi wetu unaaminika: wahudumu huja na dawa pale ambapo ugonjwa umeshaingia, na anayeviona pamoja hudhani dawa ndiyo chanzo. Nitaanza na mchoro wa Kagunga, kisha nitamwomba kila mtoto amuulize mtu mzima nyumbani ni kipi kilichotangulia, wagonjwa au dawa, na aliyajuaje hayo.