Wenye maputo ya kurukia hapa Kigoma, mnafunga kwa manila na mawe?

Wakuu, salaam.

Sikukuu ikifika, mzazi wa Kigoma hana pa kumpeleka mtoto zaidi ya uwanjani kwenye bembea na yale maputo makubwa ya kurukia. Viwanja vya michezo ya maji viko Dar, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, tunaviona kwenye simu tu. Sawa. Lakini hiki kidogo tulicho nacho kimekuwa wizi, tena wizi wa hatari.

Hela kwanza. Ukitozwa buku kwa dakika tano, una watoto watatu na kila mmoja akapanda mara tatu, elfu tisa imekwenda na kila mtoto ameruka robo saa. Na dakika zinahesabiwa tangu ulipolipa, mtoto bado anahangaika na viatu!

Hilo tungelimeza. Kinachokera ni ufungaji. Puto la nje linatakiwa lisipungue sehemu sita za kufungia, na zote zitumike. Kigingi kiwe nondo ya milimita 16, urefu sentimita 38 hivi, kipigwe kwa mshazari, kichwa kikielekea nje ya puto. Kwenye mchanga wa ufukweni hicho kinang'oka kama karoti, kwa hiyo unaweka uzito: kilo 163 kwa kila sehemu ya kufungia. Mifuko mitatu ya mchanga ya kilo 50 haitoshi, na nyie mnaweka jiwe moja la kupikia!

Zile kuta ni tanga la jahazi. Upepo ukipenya chini ya sakafu, puto linapaa na watoto ndani. Desemba 2021 kule Devonport, Australia, watoto sita walikufa puto lilipopaa hivyo kwenye sherehe ya shule. Mwisho wa kuruhusu watu kupanda ni upepo wa kilomita 38 kwa saa. Ukivuka hapo, shusha watoto, zima feni. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi ya ziwani haina mzaha, lakini sijui nani kati yenu ana kipima upepo. Mnangoja viti vya plastiki vianze kutembea.

Halafu jenereta. Puto halifungwi hewa kama tairi. Linavuja kwenye mishono muda wote, ndiyo maana feni haizimwi. Petroli ikiisha, kuta zinawaangukia waliomo, na mdogo aliye kona ya ndani ndiye wa mwisho kutoka. Tangi lijazwe kabla ya kufungua. Ukilazimika kuongeza, toa watoto wote, zima, acha injini ipoe, ndipo umimine. Kumimina huku inanguruma, na sigara mdomoni, ni kutafuta moto.

Na mnachanganyaje mtoto wa miaka mitatu na jitu la darasa la saba? Akitua karibu yake, mdogo anarushwa mpaka nje. Gawa zamu kwa kimo, msimamizi asimame mlangoni, asiwe yeye huyo huyo anayekusanya hela.

Wazazi, kabla ya kulipa zungukeni nyuma. Hesabuni kamba, tikiseni vigingi. Kikicheza mkononi, ondokeni.

Wenye kazi hii najua mmo humu. Semeni: puto lako lina vigingi vingapi? Na nyie mnaogonga mhuri wa kibali cha uwanja, huwa mnakagua nini?