Dawa ikitoka kwa wauza sigara tuikatae? Tujadili

Wadau, hili linaniuma. 2014 Ebola ilipopiga Liberia na majirani zake kulikuwa na dawa inaitwa ZMapp, ilitengenezwa ndani ya majani. Wanachukua mche wa jamii ya tumbaku, wanauzamisha kichwa chini kwenye maji yenye bakteria waliobebeshwa vipande vya virusi vya mimea vyenye maelekezo ya kutengeneza dawa, hewa inanyonywa, maji yanaingia mpaka ndani ya jani, baada ya siku kadhaa jani limejaa kingamwili (protini za kupambana na virusi) za Ebola, linasagwa, linachujwa. Kiwanda kilikuwa Kentucky, Marekani, mali ya Reynolds, wauza sigara. Na WHO mwezi Agosti ikasema kimaadili ruksa kutumia dawa ambazo hazijathibitishwa.

Haya, 2022 Medicago ya Kanada ikaja na chanjo ya korona, nayo ya kwenye majani, Kanada wakaipitisha, WHO wakaipiga chini kisa kampuni ya sigara ya Philip Morris ina hisa humo. 2023 kampuni ikatangazwa kufungwa. Mimi nasema WHO walikosea. Dawa ipimwe kwa mgonjwa, kama ZMapp ilivyopimwa Kongo, Kivu Kaskazini: karibu nusu ya waliopewa walifariki, wakati kwa dawa nyingine mbili zilizopimwa nayo zikashinda ilikuwa kama theluthi, 2019 ZMapp ikawekwa pembeni. Hivyo ndo inavyotakiwa.

---

Mkuu nakupinga kabisa. Tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kwa mwaka, leo umempa muuza sigara jina la mwokozi, kesho anakaa meza moja na waziri wa afya wanapanga kodi ya sigara. Chanjo za korona zilikuwepo nyingine, hatukukosa.

---

La kodi sibishi, asikaribie hiyo meza. Ila 2014 mbona WHO walifumba macho? Kwa sababu hakukuwa na kingine, sawa, sasa ugonjwa ujao ukija na hakuna kingine, na ufundi umeshafungiwa, tutakimbilia wapi?

Na huu ufundi si wa tumbaku peke yake. San Diego, Marekani, timu ya mwanasayansi Nicole Steinmetz wanatumia virusi vya kunde, wanavidunga kwenye uvimbe wa saratani, havimwambukizi mtu ila kinga ya mwili inashtuka na kuushambulia, wameshajaribu kwa mbwa. Kunde jamani, tunazilima kila mahali! Kama tunaogopa hela ya sigara basi serikali zetu ziweke hela yao, maabara ziwe za umma. Anayepinga aseme hela itoke wapi.