Mameneja wa mauzo, acheni kutulazimisha wote tuuze kwa mdomo mmoja!

Wakuu, nina hasira na sitazunguka. Kazini kwetu kila afisa mauzo amepewa karatasi ileile ya maneno ya kumwambia mteja. Anayepigia simu watu wasiotufahamu, anayeonyesha bidhaa inavyofanya kazi, anayejadili mkataba, anayetunza wateja wa zamani, wote ni "ofa inaisha leo, nikuandikie?"

Kuna mwenzetu mtaratibu sana, bidhaa anaijua mpaka ndani. Ukimuuliza swali gumu anakupigia hesabu na kukwambia waziwazi hata kile ambacho bidhaa haiwezi. Mteja anayetaka ushahidi kabla ya kutoa hela humwamini palepale. Huyu ndiye wamemweka kupiga simu kutwa nzima, kazi ambayo una sekunde chache tu kabla mtu hajakata! Tageti haifiki, na kwenye kikao anasemwa mbele ya watu kama mvivu. Inauma kuangalia.

Halafu yule bingwa wa kubana mteja mpaka asaini amekabidhiwa wateja wa zamani. Nimemsikia kwa masikio yangu: mteja anapiga simu kulalamika kwamba mfumo umegoma, jamaa hata hajamwacha amalize, anamwuzia kifurushi kikubwa zaidi. Mteja alikata simu na mkataba ulipoisha hakurudi. Lawama tukabebeshwa timu nzima.

Na hili lilishachunguzwa kitambo. Mtafiti Neil Rackham na wenzake walichambua mazungumzo ya mauzo zaidi ya 35,000. Waliona kwamba kumbana mteja kunaweza kusaidia kwenye vitu vidogo, ila dili likiwa kubwa kunaharibu. Huko anayefanikiwa ni yule anayeuliza maswali ya maana na kusikiliza majibu.

Sasa ugumu uko wapi? Mchangamfu anayezoeleka haraka apige simu za kwanza. Mtu wa hoja na hesabu aonyeshe bidhaa. Asiyetetereka mteja akinyamaza au akisema "bei kubwa" akae kwenye mkataba. Msikilizaji abaki na wateja wa zamani. Sisemi mtu afungiwe hapo milele, watu hujifunza, lakini usimwanzishie pale anapozama.

Tatizo ninaloliona ni kwamba meneja mwenyewe alipanda cheo kwa kufunga dili kwa kasi, basi anataka wote tuwe yeye. Komisheni nayo inalipwa kwa mauzo mapya tu. Aliyemtuliza mteja aliyekuwa anaondoka hapati hata senti, kwa hiyo hata wasikilizaji wazuri wanajilazimisha kubana watu. Huo ni uonevu, na kampuni inajihujumu yenyewe.

Mameneja mliomo humu, naomba mjibu bila kuzunguka: kabla ya kumpangia mtu kazi, mnakaa kusikiliza anavyoongea na mteja, au mnaangalia tu nani alifikisha tageti mwezi uliopita?