Laki nne na nusu napata kompyuta gani ya nyumbani?

mkaazi_wete
Asalam alaykum wadau. Natafuta kompyuta ya mezani, watoto wafanyie kazi za skuli na mama yao apigie hesabu za duka kwenye Excel, basi. Nna laki nne na nusu, kioo ninacho. Ninunue vipande vipya niunge mwenyewe au vipi? Na Windows gani maana naskia 10 ishafungwa

fundi_mlandege
Waalaykum salaam. Shekhe kwa pesa hiyo vipya usijisumbue, bodi na prosesa tu zitakumaliza na keisi bado hujanunua. Chukua mtumba wa ofisini, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, zile zimeundwa kwa kuwashwa kutwa. Ila mtu akikwambia "hii i5", yaani prosesa ya Intel, muulize i5 ipi, i5-4590 ni ya kizazi cha nne, i5-8500 cha nane, kwa hizi tizama tarakimu ya mwanzo baada ya kistari. Windows 10 sapoti ya kawaida imekwisha 14 Oktoba 2025, na 11 kwa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0, kile kichipu cha usalama. Kuna wanaoilazimisha kwenye za zamani, apdeti ikigoma usinitafute 😂

bint_chake
Mie ningechukua ya kizazi cha nne tu, ramu GB 8, nkatia SSD (diski ya kasi) ya GB 240 nkaweka Linux Mint badala ya Windows, bure kabisa. LibreOffice, programu yake ya ofisi, inafungua mafaili ya Excel, labda awe na makro (amri za kujiendesha zenyewe) ndo zitamsumbua. Itie hiyo Mint kwenye flashi muiwashe kwanza, diski haiguswi, mama watoto akiikataa hamjapoteza kitu. Ramu lakini angalia, ya nne inatumia DDR3 na ya nane DDR4, haziingiliani

fundi_mlandege
SSD nakubali, hiyo ndo itakayoifanya iwe nyepesi kuliko prosesa. Na kabla hujalipa fungua keisi umulike tochi kwenye bodi na matundu ya USB, ukiona kutu au ukijani achana nayo, chumvi ya bahari hiyo. UPS ndogo (betri ya akiba) usiiache, umeme unavyokatika unaujua

mkaazi_wete
Ahsanteni sana. Kuna mtu hapa ana OptiPlex 7010 i5-3470 ramu 4, anataka laki mbili na nusu

bint_chake
Ya tatu hiyo kaka, prosesa ya 2012! Mint itakwenda lakini kwa bei hiyo bado SSD na ramu juu yako? Mwambie ashuke, asiposhuka subiri boti ya Unguja ilete nyingine