Tramu za sakafu ya chini: ULF ya Vienna, Combino au Škoda 15T kwa reli zenye kona kali?

ReliKona: Naulizia mtandao wa zamani wa tramu (treni za mitaani): kona kali, vilima, na vituo vingine abiria anapandia kwenye lami. Kati ya hizi tatu, ipi inafaa?

FundiBogi: Kwa kupanda na kushuka, ULF haina mpinzani. Sakafu mlangoni iko sm 18 tu juu ya barabara. Hakuna ekseli inayokatiza chini ya abiria. Kila gurudumu linajitegemea, na mota zimesimamishwa wima ukutani, pale behewa zinapoungana. Shida ni vipuri. Ukiacha Vienna, iliuzwa Oradea ya Romania peke yake, na uundaji umeshakoma. Vienna yenyewe tangu 2018 inaingiza tramu aina ya Flexity, sakafu mlangoni sm 21.5.

Karakana7: Combino, kumbuka 2004. Siemens, waundaji wake, ilitaka zote zilizopita km 120,000 ziegeshwe, maana bodi za aluminiamu zilikuwa zinapata nyufa. Tazama muundo wake: bogi (fremu inayobeba magurudumu) iko chini ya behewa fupi na karibu haigeuki, halafu behewa linalofuata halina magurudumu kabisa, linaning'inia kati ya wenzake. Tramu ikiingia kona ya S, mbele inavutwa kulia na nyuma kushoto, bodi inasokotwa kama nguo inayokamuliwa. Nguvu hizo zilikadiriwa chini ya kiwango, zikamalizikia kwenye maungio ya kuta na paa. Na kwa kuwa bogi haigeuki, ukingo wa gurudumu unaila reli kwenye kila kona.

ReliKona: Kwa hiyo 15T?

FundiBogi: Kwa reli hizo, ndiyo. Bogi nne, zote zinageuka. Mbili za kati zimekaa kwenye maungio, kila moja inabeba behewa mbili. Magurudumu 16, kila moja na mota yake, bila giaboksi, hivyo uzito wote wa gari unasaidia kukamata reli. Vilima vya Prague, ambako 15T inatumika, vinalidai hilo, hasa reli ikilowa. Ila sakafu mlangoni ni sm 35, na juu ya bogi inafika 45. Kutoka kwenye lami hiyo ni hatua ndefu mno kwa mzee.

Karakana7: Basi inua vituo kwanza. Jukwaa la sm 20 linabakiza pengo la sm 15, na rampu (ubao wa mteremko) ya kukunjua inalimudu. Usijenge jukwaa likawa sawa kabisa na sakafu ya tramu mpya. Magurudumu yakilika na kuchongwa upya, gari linashuka, na milango inayofungukia nje itaanza kukwaruza jukwaa.