Nimemwambia mama wa urojo kwamba umechacha. Narudi vipi?

Mnyeri_Ugenini

Habari zenu wakubwa. Mimi ni Mkenya, kwetu Nyeri, nimekuja Dar mwezi wa tisa kusoma shahada ya pili hapo Mlimani. Nimepanga chumba Changanyikeni. Kiswahili nilidhani ninacho. Darasani kimenitosha, mezani kimenishinda.

Wiki tatu za kwanza nilikula chipsi kuku na chapati maharage tu, kwa kuwa ndivyo nilivyoweza kuagiza bila kuuliza. Ubao wa mama ntilie wetu una kisamvu, mlenda, ngogwe. Mimi kila siku maharage. Siku moja kijana mbele yangu akasema "nipigie zege moja," nikageuka kutafuta mjengo uko wapi. Kumbe chipsi mayai.

Basi Jumanne wenzangu wawili, mmoja wa Tanga na mwingine wa Unguja, wakasema chipsi zimetosha. Tukapanda mwendokasi Ubungo hadi Gerezani, tukaingia kimgahawa cha Kariakoo chenye meza nne za plastiki, na mama mtu mzima amekaa nyuma ya sufuria. Wa Unguja akaagiza urojo wa watu watatu. Likaja bakuli: kama uji mwepesi wa njano, ndani kiazi, bajia, kachori, nyama za mishkaki zilizovuliwa kijiti, nusu yai, juu yake chipsi za muhogo nyembamba kama nyasi kavu na kijiko cha kitu cheupe. Nikaonja ule uji. Wa moto, halafu mchachu.

Nieleweni. Kwetu uchachu wa halali uko kwenye uji na maziwa lala, vitu vya kunywa. Githeri ikilala vibaya inashika ukali fulani kwenye ncha ya ulimi, na hapo inapewa nguruwe, hakuna mjadala. Kwa hiyo nikafanya nilivyolelewa, nikawaokoa wenzangu kabla hawajala. Nikasema kwa sauti, na kwa adabu zote: "Mama, pole, hii imechacha."

Upawa ukasimama hewani. Wa Tanga akainama chini ya meza kama aliyeangusha kitu. Mama hakugomba. Alikuja na kijiko chake, akaonja bakuli langu, akanitazama, akasema "haya," akaondoka nalo. Akaniletea soda. Wakati wa kulipa akakataa hela yangu ya urojo, na hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Nataka kurudi ila sijui naanzia wapi. Pia Jumamosi jioni hawa hawa wananipeleka Coco Beach kwa pweza. Kiumbe cha majini ninachokijua mimi ni tilapia.

Bint_Malindi

Kaka yangu, nimecheka mpaka mtoto kaamka. Urojo hauchachi hivyo! Ule ukali ni embe mbichi, inachemshwa humo humo na unga wa ngano na manjano, kisha ndimu. Ukiutoa ukali unabaki na gundi ya njano. Na neno lenyewe ndilo lililokuponza. Sisi twasema urojo mkali. "Umechacha" ni wa kumwaga.

Halafu ulianza vibaya. Hakuna anayeonja rojo tupu. Ile nyeupe ni chatini ya nazi, ikoroge iingie, ponda kachori na kiazi, ndipo uchote kijiko chenye kila kitu. Nazi na kiazi ndivyo vinavyoushika ule ukali. Chipsi za muhogo zile mwanzo kabla hazijalowa. Siku ya kurudi sema "naomba urojo, ukali kidogo." Naomba, si nipatie. Nawajua nyie.

Kijiwe_Nongwa

Mkuu ulikutana na mstaarabu. Kwa shangazi yangu ungevishwa hilo bakuli. Jumamosi tuletee picha, Mnyeri anakula mnyiri wa pweza.

Aliyerudi_Temeke

Usimcheke mwenzio, Nongwa. Mimi nimesoma Nairobi miaka miwili. Wikiendi ya kwanza nikaalikwa kwao rafiki yangu, ikaja mukimo: kijani, imesimama kwenye sahani kama kichuguu. Nikangoja mboga. Wote wanakula, mimi nangoja. Mwishowe nikauliza, mama mwenye nyumba akasema mboga ndiyo hiyo hiyo, imo ndani. Viazi, mahindi na majani, vyote vimepondwa pamoja. Nilikula kwa maji ya kunywa.

Kuhusu kurudi: usiende saa isiyo na wateja ukiwa peke yako ili aibu yako ifichike. Ulimtangazia mbele ya wateja, basi mfuate meza zikiwa zimejaa. Shikamoo kwanza, na uketi. Hotuba ya kuomba radhi haihitajiki, agiza tu.

Mzee_wa_Ngalawa

Kijana, pweza hana maajabu. Anapigwa sana alainike, akichemka anatoa maji yake mwenyewe na kugeuka mwekundu. Wahi akiwa ametoka chunguni, akishapoa utatafuna ndala. Utakatiwa vipande, unachoma kwa kijiti, unachovya kwenye chachandu. Bakuli la kuchovya watu wote mimi silipendi, omba akumiminie yako pembeni. Ukipewa supu yake kwenye kikombe wataanza utani wa mambo ya ndoa. Usiwajibu, kunywa. Mihogo ya pale haitaki ujasiri, hiyo utakula mwenyewe.

Mnyeri_Ugenini

Nimerudi leo Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, meza zote zimejaa, nikabanwa pembeni ya kreti za soda. Nikasema shikamoo mama. Akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akayainua.

"Umekuja kuonja au kula?"

Nikasema naomba urojo. "Ukali kidogo" ilinikwama kooni, watu wote walikuwa wananitazama. Nimekoroga chatini kama nilivyoelekezwa, nimeponda kachori. Bint_Malindi, umesema kweli, ni kitu kingine kabisa. Vijiko vitatu vya kwanza mashavu yalijikunja, cha nne nikaanza kuutafuta ule ukali wenyewe. Nimetoka jasho puani. Nimelipa 6,000, mabakuli mawili, na safari hii amezipokea, akazihesabu mara mbili.

Bakuli lilipobaki robo alipita na nusu ya ndimu mkononi, akauliza aongeze. Nikasema hapana mama, inatosha kabisa.

Akakamua.