Uwiano wa neutrofili kwa limfosaiti: je, unatuonyesha mgonjwa atakayezidiwa?

Tabibu wa Zamu aliuliza:

Ndugu wataalamu, salaam. Katika wodi ninayohudumu, kila anayelazwa kwa maambukizi hupimwa picha kamili ya damu siku anapofika, na majibu hurudi mapema, ilhali majibu ya kuotesha bakteria kutoka kwenye damu huchukua siku kadhaa. Kwa sababu hiyo nimeanza kugawanya idadi ya neutrofili kwa idadi ya limfosaiti, ambazo ni aina mbili za chembe nyeupe za damu, na anayezidi 10 namweka karibu na meza ya wauguzi. Juzi mzee mmoja alikuja na uwiano wa 14, akaruhusiwa siku ya tatu akiwa mzima. Kijana aliyekuwa na 4 tu alizidiwa usiku uleule. Je, hesabu hii ina msingi, au najidanganya?

Hadubini alijibu:

Msingi upo, daktari. Mwili unapoelemewa, kotisoli na adrenalini hupanda. Neutrofili zilizojishikiza kwenye kuta za mishipa huachia na kuingia katika mzunguko, uboho nao huongeza nyingine, huku limfosaiti zikihamia kwenye tishu na baadhi yake zikifa. Zahorec aliupendekeza uwiano huu kwa wagonjwa mahututi mwaka 2001, na wakati wa UVIKO-19 upungufu wa limfosaiti ulionekana mara kwa mara kwa waliougua vikali.

Hata hivyo, homoni hizohizo hupanda kwa upasuaji, kwa mfupa uliovunjika na kwa mshtuko wa moyo. Kwa hiyo kuhusu yule mzee ningeuliza kwanza kama alikuwa akimeza prednisoloni, maana dawa hiyo peke yake huinua neutrofili na kushusha limfosaiti.

Kuhusu kijana, naomba urudi kwenye karatasi ya majibu uangalie namba zenyewe kabla ya kugawanya. Mwenye neutrofili 8.0 na limfosaiti 2.0 (maelfu kwa kila mikrolita ya damu) ana uwiano wa 4. Mwenye neutrofili 1.2 na limfosaiti 0.3 naye ana uwiano wa 4. Wa kwanza hanitishi sana. Wa pili ana maambukizi huku aina zote mbili za chembe zikiwa chini, na huyo ningemwita daktari aje kumwona bila kusubiri. Kugawanya kumeificha hatari yake.

Niongeze jambo la chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ingawa hukuliuliza. Niliwahi kupokea majibu ya mashine yaliyosoma chembe sahani 38 tu (elfu kwa mikrolita), lakini nilipoweka damu kwenye kioo nikakuta chembe sahani zimeshikana mafungu mafungu pembeni, kwa sababu ya dawa ya kuzuia kuganda iliyomo kwenye chupa ya EDTA. Tulirudia kwa chupa ya sitreti, tukazidisha kwa 1.1 kufidia kimiminika kilichomo, na idadi ikawa ya kawaida. Mgonjwa alikuwa ameshaandikiwa kuongezewa chembe sahani.

Kikokotoo alijibu:

Mimi ni mtu wa takwimu, si tabibu, kwa hiyo nitabaki kwenye hesabu. Tuchukulie, kwa mfano tu, wagonjwa 1,000 ambao 50 kati yao watazidiwa, na kipimo kinachowanasa asilimia 80 ya watakaozidiwa na kuwaacha kwa haki asilimia 80 ya wasiozidiwa. Kitanyooshea kidole watu 230, na kati yao 40 tu ndio watakaozidiwa kweli. 190 watakuwa kama mzee wako. Upande wa pili, watu 770 wataambiwa hawana hatari, na 10 kati yao watazidiwa. Kwa hiyo hata kipimo kisicho kibaya kingekuletea wagonjwa wote wawili uliowataja.

Swali langu ni hili: hiyo 10 umeitoa wapi? Kama imetokana na wagonjwa wa wodi hiyohiyo, usiipime ubora wake kwa wagonjwa haohao, maana itaonekana nzuri kuliko ilivyo.

Tabibu Mstaafu alijibu:

Mwaka 1992 tulipewa vigezo vya sepsisi, yaani hali ya mwili kudhuriwa na namna unavyopambana na maambukizi, vilivyohesabu chembe nyeupe zaidi ya 12,000 au chini ya 4,000 kwa mikrolita kuwa dalili mojawapo. Fasili mpya ya sepsisi ya mwaka 2016 iliviacha ikachukua alama za viungo kushindwa kufanya kazi, na katika picha ya damu zilizobaki humo ni chembe sahani. Sikushangaa.

Mimi huthamini zaidi picha ya damu iliyorudiwa kuliko ile ya kwanza. Katika homa ya dengi, hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) inayopanda huku chembe sahani zikishuka kwa kasi huashiria kwamba maji ya damu yanavuja kutoka mishipani, na mara nyingi hilo hutokea homa inapoanza kutulia, wakati ambapo ndugu wa mgonjwa wanafungasha mizigo. Picha moja ya siku ya kulazwa isingekuonyesha hilo.

Tabibu wa Zamu alijibu:

Nawashukuru nyote. Nimefungua jalada la kijana: neutrofili 1.6, limfosaiti 0.4, na alikuwa akipumua haraka, mara 28 kwa dakika, jambo ambalo muuguzi alikuwa ameliandika kabla damu haijachukuliwa. Mzee alikuwa na pumu na alianza prednisoloni nyumbani siku mbili kabla. Kikokotoo, ile 10 nilisikia kwa mwenzangu wa zamu.